Jinsi ya kuchimba mashimo ya zai kama wanavyochimba Gourga, Burkina Faso

Gourga ni kijiji kidogo karibu na Ouahigouya, kaskazini mwa Burkina Faso, mvua huko ni miezi michache tu alafu basi. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 80 ulifukuza watu wengi ila mkulima Yacouba Sawadogo aligoma kuhama, akachukua zai, yale mashimo madogo ya kupandia ya wazee wa zamani, akayaboresha mpaka ardhi ngumu kama lami ikatoa mtama, na baadae msitu kabisa. 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, akafariki 2023.

Haya, kazi yenyewe. Chimba kiangazi, usisubiri mvua, na hapo ndo wenzake walimuona Yacouba chizi. Shimo upana sm 20 mpaka 40, kina 15 hadi 20, toka shimo hadi shimo kama hatua moja. Udongo unaotoa weka upande wa chini wa mteremko, uupinde kidogo ili maji yakishuka yaishie shimoni, na mistari ipishane, shimo la chini likae katikati ya mawili ya juu.

Alafu samadi, viganja viwili vya iliyooza vizuri, changanya na majani makavu. Sasa hapa mchwa watakuja, na wewe usikimbilie dawa!! Ndo tunaowataka hao, wanakula yale majani na kutoboa vinjia chini, maji ya mvua yanazama badala ya kukimbia. Bila mchwa una shimo tu.

Kama shamba lina mteremko panga na mistari ya mawe kukata njia ya maji, levo pima kwa ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi, hata Yatenga, mkoa wenye Gourga, wanatumia huohuo.

Mvua ya kwanza ikishika panda mtama au uwele, mbegu kadhaa kila shimo. Ukiona miche ya miti imeota, mbegu zake zimekuja na samadi, iache, na siku ya kuvuna kata mabua juu kidogo, sm 50 hivi, yaikinge na mbuzi.

Kwenye mchanga mtupu usijisumbue, shimo linajifukia. Na panapotuama maji pia hapana, mazao yataoza. Na mtu mmoja heka nzima ni mateso jamani, iteni watu mchimbe kwa zamu. Mwaka wa pili unaweza kurudia mashimo yaleyale, unayasafisha na kuongeza samadi, au uchimbe mapya katikati yake.