Uko Tanga na unataka kazi ya kuhamisha wafanyakazi wa kimataifa? Anzia kwenye vibali

Watu wakisikia globo mobiliti, yaani hii kazi ya kuhamisha wafanyakazi toka nchi moja kwenda nyingine, wanawaza London na kupanda ndege tu, kumbe sehemu kubwa ni makaratasi, na makaratasi yenyewe yapo hapa hapa. Bomba la mafuta la EACOP linatoka Hoima, Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, na kila ekspati, yaani mtaalamu mgeni, anayeletwa kwenye mradi wa namna ile kuna mtu nyuma yake anamfuatilia kibali, nyumba, shule ya watoto na kontena la vyombo.

Kwanza jifunze vibali, hapa usiwe na haraka. Kuna sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, alafu kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, ofisi mbili tofauti na madaraja yao tofauti: vya kazi vinaanzia A hadi E, vya ukaazi ni A, B na C, muajiriwa wa kawaida anaangukia B ya ukaazi. Ukichanganya haya mbele ya HR umekwisha. Kibali cha kazi kinatolewa kwa miezi isiyozidi 24, kwa hiyo fungua Excel, andika tarehe ya kila mtu kuisha na ujiwekee alamu miezi mitatu kabla. Na mwajiri lazima awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania hiyo kazi, sasa wengine wanakopi wa kampuni nyingine mpaka jina la kampuni wanalisahau ndani, bana!

Mizigo nayo ijue. Anayehamia kweli anaweza kusamehewa ushuru wa vyombo vyake vilivyotumika, hata gari, ila gari awe amelimiliki na kulitumia huko nje miezi 12 angalau. Kuna kozi ya EACFFPC ya mawakala wa forodha, Chuo cha Kodi wanaitoa, na kwa mtu wa Tanga yenye bandari yake naona inalipa kuliko kukimbilia masters ya HR.

Kodi: siku 183 ndani ya mwaka, kumbuka hiyo namba, ikifika huyo mgeni ni mkaazi kikodi hata kama nyumba yake iko Ufaransa. Mahesabu yenyewe muachie mhasibu.

Nyumba ni rahisi, mtaa wa Raskazone hapa Tanga unaujua, uliza tu maji na jenereta kabla hujampeleka mtu.

Cheti cha GMS, cha utaalamu wa globo mobiliti, kinachotolewa na chama cha Worldwide ERC cha Marekani ni kizuri ila subiri uwe na mshahara, ni hela nyingi. Kwa sasa omba kujitolea kwa wakala wa forodha au ofisi ya wakili anayeshughulika na vibali, wenye leseni jamani, sio vishoka wa nje ya geti, na CV yako iseme umeshika mafaili ya aina gani, kibali kipya au cha kuhuisha, peke yake au na familia, maana hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa.