Betri ya UPS huzeeka kimyakimya

Ndugu zangu mnaotunza seva, leo hii kaangalieni betri ya UPS (kifaa kinachoipa seva umeme wa akiba kwa muda umeme ukikatika) iliwekwa lini. Betri hizi zilizozibwa hudumu kama miaka 3 hadi 5, na joto ndilo adui wake mkubwa: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, umri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo UPS iliyofichwa kabatini Dar au Mombasa bila kiyoyozi, usiihesabie miaka 5.

Taa ya kijani isikutulize. Ofisini kwetu ilikuwa inawaka vizuri tu. Umeme ulipokatika, seva ikazima papo hapo kabla jenereta haijashika, hifadhidata ikaharibika. Tulikesha tukirudisha data.

Tangu hapo, kila miezi 3 tunazima seva kwa utaratibu baada ya kazi, tunachomeka kwenye UPS kompyuta za kawaida zenye mzigo unaokaribiana na wa seva, kisha tunazima swichi ya ukutani na kuhesabu dakika. Zima swichi, usichomoe plagi, ili waya wa ethi ubaki umeunganishwa. Dakika zikipungua sana, nunua betri mpya. Ikivimba, iondoe siku hiyohiyo.

Printa ya leza isikae kwenye UPS kabisa. Inapojipasha joto huvuta umeme mwingi mno.

Na kwenye plagi ya seva bandika karatasi: USICHOMOE. Mfanya usafi anayetafuta soketi hana kosa kama hakuna kilichomwonya.