Linda barua pepe kwanza, kisha uachane na nenosiri

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliopokonywa akaunti zao, na wengi wanaonijia huanza kwa kujitetea: "Lakini nenosiri langu lilikuwa gumu!" Nawaamini. Ugumu haukuwasaidia kwa sababu nenosiri ni siri unayoikabidhi kwa upande wa pili kila unapoingia. Upande huo ukiwa bandia, au ukiibiwa, siri imekwenda.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1966, kwenye CTSS, mfumo wa kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, hitilafu ilisababisha faili lenye manenosiri ya watumiaji wote limtokee kila aliyeingia. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa manenosiri yapatayo milioni 32, yote yakiwa wazi bila kufichwa. Lililoongoza lilikuwa 123456. Orodha kama hizo ndizo wezi wanazozijaribu kwenye huduma nyingine, wakijua kwamba wengi hutumia neno lilelile kila mahali.

Anza na barua pepe, hata kabla ya akaunti ya benki. Aliyeishika barua pepe yako anabonyeza tu "Umesahau nenosiri?" kwenye huduma nyingine, na kiungo cha kubadilisha kinamjia yeye. Fungua mipangilio ya usalama, pitia orodha ya vifaa vilivyoingia, na uondoe kila usichokitambua. Kisha nenda kwenye vichujio na sehemu ya kusambaza barua. Hapa ndipo watu hupasahau. Mwizi mjanja huweka amri ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake, na amri hiyo haifutiki hata ukibadilisha nenosiri. Mwenye akaunti anadhani amepona, kumbe barua zake bado zinasomwa.

Baada ya hapo washa uthibitishaji wa hatua mbili. Msimbo wa SMS ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila namba yako inaweza kuhamishiwa laini nyingine na tapeli aliyejifanya wewe. Programu ya kuthibitisha ni bora: msimbo wa tarakimu 6 unatengenezwa ndani ya simu yako na hubadilika kila sekunde 30, hata bila mtandao. Lakini ukiuandika kwenye ukurasa bandia, mwizi anauingiza papo hapo kwenye ukurasa halisi. Sekunde hizo zinamtosha.

Ndiyo maana nawasihi watu wahamie kwenye funguo za siri (passkeys), zinazochukua nafasi ya nenosiri, ambazo mwaka 2022 Apple, Google na Microsoft ziliahidi kuzieneza. Ukiunda ufunguo, kifaa chako hutengeneza jozi: mmoja hubaki kwako, mwingine huenda kwenye tovuti. Siku ya kuingia, tovuti hutuma fumbo jipya, nawe unathibitisha kwa kidole, uso au PIN, kisha kifaa hulitia fumbo hilo saini. Alama ya kidole haitoki kwenye simu, na tovuti haina siri yako ya kuibiwa. Isitoshe, ufunguo umefungamana na anwani ya tovuti. Herufi moja iliyobadilishwa inaweza kulipita jicho lako, lakini kwa kifaa hiyo ni tovuti nyingine kabisa, na ufunguo hautatoka.

Sehemu ya kuunda ufunguo utaikuta kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti. Unda kwenye vifaa viwili, au ongeza ufunguo wa usalama wa USB, kifaa kidogo cha kuchomeka, usije ukafungiwa nje simu ikipotea. Misimbo mbadala, ile unayopewa ya kuingilia ukikosa simu, ichapishe uiweke mbali na simu.

Huduma ambazo bado hazina funguo hizi ziachie programu ya kuhifadhi manenosiri, kila moja na lake, refu. Programu ikigoma kujaza, huenda tovuti ni bandia: simama na usome anwani upya. Kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi mitatu hakuna faida, maana watu huishia kuongeza namba mwishoni. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri hivyo mwaka 2017.

Kazini, msichangie akaunti moja. Kila mtu awe na yake, yenye ruhusa za kazi yake tu, na ya anayeondoka izimwe siku hiyohiyo. Wavamizi wa Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, mwaka 2021 walipitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni kutoka mbali) ambayo haikuwa ikitumika tena, iliyolindwa na nenosiri peke yake. Pitieni orodha ya watumiaji wa mfumo wenu, na kila jina lisilo na mwenyewe lizimwe leo.