Mboji ya kafeteria: jinsi ya kuyamaliza makombo ndani ya kampasi

Kila mwanzo wa muhula hunijia kikundi cha wanafunzi wanaotaka chuo chao kiwe "cha kijani". Mara nyingi wanakuja na wazo la mabango na fulana. Mimi ni mtu wa bustani, kwa hiyo nawapa ndoo na mizani, tunaelekea nyuma ya kafeteria. Huko kuna ugali, wali, maganda ya viazi na ndizi, majani ya kabichi, vyote vikingoja gari la taka. Kwa vyuo vya Dar es Salaam, gari hilo huishia dampo la Pugu Kinyamwezi: dizeli yote hiyo kusafirisha vitu ambavyo sehemu kubwa ni maji. Vikifukiwa huko vinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Vikiozea hapa chuoni, hewa ikipita, unapata mboji.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, pima ndoo za jikoni mbali na ndoo za mezani. Maganda ya jikoni hayabadiliki sana. Ya mezani hufuata kilichopikwa: siku ya pilau sahani zinarudi safi, siku ya ugali na kabichi utalia. Ukiona ugali unarudi nusu nusu, zungumza kuhusu kipimo cha mwiko kabla ya kuwaza mboji.

Hatua ya 2: Shikamoo kwanza, ndoo baadaye

Wapishi ndio watakaoubeba au kuuua mradi. Usiende saa sita mchana foleni imefika mlangoni. Nenda asubuhi, salimia, kaa umenye viazi kidogo, ndipo ueleze. Peleka ndoo mbili za rangi tofauti. Ya kwanza ni ya maganda, mboga, wali, ugali, majani ya chai na maganda ya mayai. Ya pili ni ya mifupa, samaki, nyama na mafuta, na hiyo isiguse rundo lako la mboji, maana panya na kunguru watakujulia hali usiku na mchana. Vizibo vya soda na vijiko vya plastiki navyo vitoke mapema. Kuvichambua baadaye ndani ya ugali uliochacha ni adhabu.

Hatua ya 3: Majani makavu, hapa ndipo wengi wanakwama

Makombo yana nitrojeni nyingi. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni mara 25 hadi 30 ya hiyo nitrojeni, na kaboni iko kwenye majani makavu, maranda na nyasi zilizonyauka. Huna haja ya kupiga hesabu: ndoo moja ya makombo, ndoo mbili au tatu za majani.

Tatizo ni kalenda. Pwani majani makavu ni mengi Juni hadi Septemba, na sehemu kubwa ya muda huo wanafunzi wako likizo ndefu na kafeteria karibu imelala. Makombo yakirudi, vuli nayo haiko mbali, majani yatakuwa yamelowa. Kwa hiyo elewana na wafagiaji mapema wasiyachome. Yajazwe kwenye viroba, yapangwe chini ya paa. Viroba mia si vingi. Ya mwembe ni mazuri ukiyaponda. Ya mkaratusi yaache, mafuta yake yanachelewesha kazi.

Hatua ya 4: Jenga rundo

Chagua kivuli, mahali maji hayatuami, mbali na madirisha ya madarasa. Rundo letu la kwanza tulilijenga nyuma ya ofisi za walimu, tukamwaga ugali kama ulivyo. Siku ya nne barua ya malalamiko ikafika, na walikuwa na haki. Ugali ukilowa unakuwa kama udongo wa mfinyanzi: hewa haipiti, ndani panachacha, harufu inatoka kali kama siki. Siku hizi tunaubomoa kwa koleo na kuuchanganya na majani makavu pembeni, hadi usione bonge kubwa kuliko ngumi ya mtoto, ndipo uingie.

Chini weka vijiti vinene ili hewa ipande. Juu yake tabaka la majani, tabaka la makombo, kisha tena majani. Kila siku malizia na majani. Ukiona chakula kwa juu, hujamaliza. Rundo lifike angalau mita moja kila upande, likiwa dogo halishiki joto. Kamata bonge la mchanganyiko ukamue: likitoa tone moja au mawili, sawa. Likichuruzika, ongeza majani. Wakati wa masika funika kwa turubai.

Hatua ya 5: Sikiliza joto, geuza

Rundo likijaa, acha kuongeza, anza jipya. Chomeka kipande cha nondo hadi katikati, subiri dakika kumi, uchomoe. Kama hukishiki mkononi, kazi inaendelea. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo, hapo mbegu nyingi za magugu na vimelea vinakufa. Geuza mara moja kwa wiki, ya nje yaingie ndani. Funza ukiwaona usikimbie: ni dalili ya unyevunyevu mwingi, ongeza majani ugeuze.

Hatua ya 6: Iache iive

Baada ya miezi miwili au mitatu rundo limeshuka hadi nusu, limepoa, linanuka udongo wa mvua. Chekecha kwa wavu, vipande vikubwa virudi kwenye rundo jipya. Usiipeleke kitaluni bado. Jaza kopo, otesha mbegu za mchicha. Zisipoota, au miche ikiwa ya manjano, iache wiki tatu nyingine.

Kiroba cha kwanza kilichoiva sisi hatukukipeleka kwenye maua ya ofisi kuu, ingawa tuliombwa. Kilikwenda nyuma ya jikoni, wapishi wakatengeneza tuta la mchicha. Tangu hapo sijaona tena kizibo cha soda kwenye ndoo ya kwanza.