Kabla Hujatia Sahihi Fomu ya Utafiti

Mtaa wetu wa Majengo, huku Pumwani, umezoeana na watafiti kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wa hapa waliofanya biashara ya ngono. Damu ya wanawake hao ni miongoni mwa zilizoifunza dunia kwamba wako watu wanaokutana na virusi vya Ukimwi mara kwa mara na wasiambukizwe. Kwa hiyo mtu akibisha kwenye ploti akasema anatafuta washiriki wa utafiti, hapa hashangai mtu.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mjumbe wa kamati ya ushauri ya jamii, yaani wale raia wa kawaida wanaosomewa utafiti kabla haujaanza, waseme kama unaeleweka na kama una heshima. Vijana huja na fomu zao hadi kibandani, wakazitandaza juu ya meza kati ya vipande vya kitenge. "Mama Rehema, nitie ama nisitie?" Siwaambii watie wala wasitie. Nawaonyesha pa kuangalia, na swali langu la kwanza huwa moja: wewe, unaumwa?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi huenda kwenye utafiti wakidhani wanaenda kutibiwa. Daktari wa kliniki akikuandikia dawa, amekuangalia wewe, akakuchagulia wewe. Kwenye utafiti, utakachopewa mara nyingi huamuliwa kwa kura inayopigwa na kompyuta, na huenda hata muuguzi anayekudunga hajui kilichomo ndani ya sindano. Huo si ukatili. Ndiyo njia ya kujua kama dawa inafanya kazi. Lakini kama una kikohozi cha wiki tatu, nenda zahanati upimwe kifua kikuu leo, mambo ya utafiti yatafuata.

Hiyo kura ielewe vizuri, maana ndiyo roho ya jambo lote. Chukua utafiti wa KEN SHE, ambao Dkt. Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Walitaka kujua kama dozi moja tu ya chanjo inatosha kumkinga msichana na virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Wakawaandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu, wakawagawa kwa kura makundi matatu. Kundi moja likapewa chanjo ya HPV ya aina mbili za virusi, la pili chanjo ya aina tisa, na la tatu likapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, isiyokinga HPV. Baada ya miezi 18 wakahesabu maambukizi yaliyodumu ya aina ya 16 na 18, zilizo hatari zaidi. Kundi la kwanza lilikuwa na mmoja, la pili mmoja, la tatu 36. Sasa jiulize, zile moja mbili zingekuwa na maana gani bila ile 36 kusimama kando yake? Mwaka huohuo matokeo yalipochapishwa, 2022, Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20.

Kwa hiyo muulize anayekuandikisha, tena mbele ya shahidi wako: makundi ni mangapi, kila kundi linapata nini, na mimi nina nafasi gani ya kuangukia lile lisilopata dawa mpya? Akikuambia "wote mtapata dawa nzuri", funga mkoba wako. Uliza pia utafiti uko awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hupima usalama kwa watu wachache, mara nyingi wenye afya njema, na hapo ndipo yasiyojulikana ni mengi zaidi. Awamu ya tatu ina mamia au maelfu ya watu, na dawa imeshapita kwenye miili ya wengine kabla yako.

Sasa fomu yenyewe

Usianzie mwanzo. Anzia pembeni. Juu au chini ya kila ukurasa pameandikwa namba ya toleo na tarehe, na kwa kawaida utaona muhuri wa kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti, kwa mfano ile ya pamoja ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi. Angalia kibali kinaisha lini. Kama kimeisha mwezi uliopita, uliza. Kisha ruka hadi mwisho, penye namba za simu. Zinapaswa kuwa mbili tofauti: ya mtafiti mkuu, na ya ofisi ya kamati ya maadili, ambayo haimfanyii kazi mtafiti. Hiyo ya pili ipige papo hapo, uitaje jina la utafiti. Simu ya dakika mbili inakutenganisha na matapeli. Tena, utafiti wa kweli haukuombi pesa ya kujiandikisha, wala hauna haja na namba yako ya siri ya M-Pesa.

Ikiwa ni dawa au chanjo inayojaribiwa, Bodi ya Dawa na Sumu nayo lazima iwe imeidhinisha, na kuna leseni ya utafiti inayotolewa na NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia. Watu huona hizi ni karatasi za serikali tu. Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo ilipoua watoto kwa wingi Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wagonjwa. Wazazi walishtaki wakisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi ziliburutwa miaka na miaka, hadi 2009 kampuni ilipokubali kulipa dola milioni 75 katika maafikiano na jimbo la Kano, bila kukiri kosa. Karatasi zina kazi yake.

Ndipo sasa urudi ukurasa wa kwanza usome. Omba fomu ya Kiswahili, au ya lugha unayoota nayo usiku. Asiyejua kusoma husomewa, na huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti. Asiyefika miaka 18 huhitaji ruhusa ya mzazi na pia kukubali kwake mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akisema hapana, jibu ni hapana.

Kuhusu damu, fomu husema mililita, na mililita huwatisha watu bure au huwapumbaza. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ukiona 10, ni vijiko viwili. Mtu anayetoa damu ya msaada hutoa karibu mililita 450 kwa mkupuo mmoja. Nikimwekea kijana kijiko mezani, uso unabadilika. Lakini usiulize ya leo tu. Uliza ni mara ngapi kwa mwaka, halafu ujumlishe.

Kisha tafuta sehemu ya kuhifadhi sampuli. Mara nyingi iko kurasa za nyuma, ina visanduku viwili, nakubali na sikubali. Hapo unaulizwa kama damu iliyobaki inaweza kuwekwa kwa tafiti za baadaye, kama inaweza kusafirishwa nje ya nchi, na kama vinasaba vyako vinaweza kuchunguzwa. Ni maswali tofauti na lile la kushiriki, na kwa kawaida unaweza kukataa hapo na bado ukaingia. Nimeona watu wakitia alama ya ndiyo kuanzia juu mpaka chini kama wanaopigia kura chama kimoja. Soma kila kisanduku.

Nauli, na ukweli

Usione haya kupokea nauli. Unarudishiwa gharama ya matatu na muda wako, ni haki, na kiasi chake kimepitishwa na kamati ya maadili. Kinachonikera ni mtu anayejiandikisha tafiti mbili kwa mpigo ili nauli ziwe mbili. Dawa mbili ambazo hazijakamilika kuchunguzwa, ndani ya mwili mmoja, na hakuna daktari anayejua ya mwenzake! Ndiyo maana kliniki nyingine za utafiti huchukua alama za vidole.

Na ukishaingia, sema kweli. Kulikuwa na utafiti ulioitwa FEM-PrEP, wa kidonge cha kila siku cha kumkinga mwanamke asiambukizwe virusi vya Ukimwi. Bondo, kule Siaya, ilikuwa moja ya vituo vyake. Ulisimamishwa Aprili 2011, kwa kuwa walioambukizwa upande wa dawa walikuwa 33 na upande wa kidonge kitupu, kisicho na dawa, 35, kana kwamba dawa ni maji. Wanawake wengi walikuwa wamesema wanameza karibu kila siku. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 ndio waliokutwa na dalili ya kumeza siku za karibuni. Dawa hiyohiyo, katika utafiti wa wenza wa Kenya na Uganda walioimeza kwa uaminifu, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Sisi wa mitaani tunajua kwa nini mtu hamezi: mume akikiona kikopo, vita. Basi mwambie muuguzi hivyo. Hakuna atakayekupigia kelele, na kama yupo wa kukupigia kelele, ile namba ya pili ya simu unayo.

Tafiti za afya ya akili nazo ziko nyingi siku hizi, na watu huzichukulia ni nyepesi kwa kuwa hazina sindano. Utapewa hojaji kama PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Swali la tisa linauliza kama umekuwa na mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Kabla hujaanza kujibu, uliza: nikijibu ndiyo, mtafanya nini, saa ngapi, na nani ataambiwa? Utafiti ulioandaliwa vizuri una jibu tayari, una mshauri wa kuonana nawe siku hiyohiyo, na utakuambia waziwazi ni lini siri yako italazimika kutoka. Wengi walikuwa wakidanganya swali hilo kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Jibu unachokihisi.

Huku nako kuna makundi. Mradi wa Shamiri uliwachukua wanafunzi 413 wa shule za sekondari, wenye dalili za sonona au wasiwasi. Wengine wakakutana kwa vikundi wiki nne, wakiongozwa na vijana waliotoka tu kumaliza shule, wakazungumza juu ya kukua, shukrani na maadili. Wenzao nao wakakutana wiki nne, ila kwa mbinu za kusoma. Matokeo yalichapishwa 2021: pande zote mbili zilipata nafuu, ila kundi la Shamiri zaidi. Ukijikuta kundi la mbinu za kusoma, hukutupwa.

Kujitoa, na yanayobaki

Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida hospitalini haipaswi kuguswa. Ila usipotee kimyakimya. Dawa nyingine hazifai kukatizwa ghafla. Na sindano za muda mrefu hazitoki mwilini eti kwa sababu umebadili nia. Cabotegravir, kwa mfano, sindano ya kujikinga na virusi vya Ukimwi, inaweza kubaki kwenye damu mwaka mzima au zaidi baada ya sindano ya mwisho. Waulize wakukague mara ya mwisho, kisha waulize taarifa zako walizokwisha kuchukua zitaendelea kutumikaje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza hivyo.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni la baada ya utafiti kwisha. Nikiumia kwa sababu ya dawa hii, bima ni ya nani, na inalipa mpaka lini? Nitaambiwa nilikuwa kundi gani? Na dawa ikifaulu, mimi niliyetoa damu nitaipata? Washiriki wa KEN SHE waliopata chanjo ya uti wa mgongo walipewa ya HPV baadaye, kwa kuwa hilo lilipangwa kabla mtu wa kwanza hajatia sahihi. Fomu ikiwa kimya juu ya hayo, mwombe mtafiti mkuu akujibu kwa maandishi, na karatasi hiyo uibane pamoja na nakala yako ya fomu. Nakala ni haki yako. Kama nyumbani hutaki ionekane, waambie waitunze kliniki, wengi hukubali, lakini ipige picha kurasa zote kwanza, hasa ule wa mwisho wenye namba mbili za simu.