Nyumba ya bei nafuu Nairobi: anza na hati yako ya mshahara

Ukiona tangazo la nyumba ya "bei nafuu", uliza kwanza: nafuu kwa nani? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imewagawa Wakenya kwa kipato. Anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi yuko kundi la nyumba za kijamii. Wa Sh20,000 hadi Sh149,000 ndio wa bei nafuu, na anayezidi hapo ni wa tabaka la kati. Kundi hilo la pili ni pana mno: wa elfu ishirini na tano na wa laki moja na arobaini wamo pamoja. Jina la mradi, basi, halikusaidii. Kinachosaidia ni kipimo kilicho katika sheria hiyo hiyo: gharama ya kupanga au kununua isizidi asilimia 30 ya kipato cha mwezi.

Tuseme mshahara ni Sh60,000 kabla ya makato. Asilimia 30 yake ni Sh18,000. Sasa kata NSSF (akiba ya uzeeni) Sh3,600, SHIF (bima ya afya) Sh1,650 na tozo ya nyumba Sh900. Zinabaki Sh53,850, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE (kodi ya mapato), kama Sh8,540 baada ya nafuu ya kodi. Mkononi unabaki na takriban Sh45,300. Ukilipa kodi ya nyumba ya Sh18,000, karibu asilimia 40 ya pesa hizo imekwenda. Kikomo chako halisi, yaani asilimia 30 ya pesa za mkononi, ni kama Sh13,600.

Ndani ya kikomo hicho weka pia maji, takataka na ulinzi. Kabla ya kulipa depoziti, waulize wapangaji (si msimamizi wa ploti) maji hutoka siku gani. Mifereji ikikauka, mitungi minne kwa siku, tuseme Sh20 kila mmoja, ni Sh2,400 kwa mwezi. Angalia pia kama nyumba ina mita yake ya stima. Mkichangia mita moja na kugawana bili sawa kwa sawa, jirani anayepikia jiko la koili la stima utamlipia wewe.

Nauli nayo ihesabu. Nyumba ya Sh10,000 Kitengela, nje ya Nairobi, na matatu ya Sh100 kwenda na Sh100 kurudi kwa siku 24, inakuwa Sh14,800. Ya Sh13,000 iliyo karibu na kazi, unayoweza kutembea kwa miguu, ni rahisi zaidi.

Kwa anayenunua, bei ya nyumba haitoshi kukupa jibu. Riba ndiyo huamua. Nyumba ya Sh2,000,000 ukiweka depoziti ya asilimia 10, unakopa Sh1,800,000. Kwa miaka 25, kwa riba ya asilimia 9 utalipa kama Sh15,100 kila mwezi; kwa ya asilimia 14 ni karibu Sh21,700. Kwa mshahara wetu wa Sh60,000, ya kwanza iko ndani ya asilimia 30 ya mshahara mzima lakini inapita kikomo cha mkononi, na ya pili inapita vyote viwili. Hapo bado hujalipa ada ya kila mwezi ya usafi, ulinzi na lifti. Omba kiasi chake kwa maandishi, na uulize pia kama riba ni ya kudumu au mkopeshaji anaweza kuipandisha katikati ya mkopo.