Kusoma Biblia kila siku: ninavyofanya kabla ya kuvuka feri

Nilianza vibaya. Januari moja nilijiapiza kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka. Yangu ni ya vitabu 66, sura 1,189, yaani sura tatu na ushei kila siku. Kitabu cha Mwanzo kilikwenda kama hadithi za bibi. Kile cha Kutoka kikanivuta mpaka kwenye mapazia na vitanzi vya hema, na Februari ikanikuta Walawi, nimepwelewa kama ngalawa maji yakipwa. Ninachoeleza hapa ni njia niliyoishika baadaye, na ndiyo ninayowafundisha kina mama wa ushirika wetu hapa Likoni.

Hatua ya 1: Tafuta saa isiyo na mshindani. Mimi huamshwa na adhana ya alfajiri. Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jirani zangu wakienda kuswali, mimi natoa kiti barazani kabla joto halijaamka. Dakika ishirini zatosha. Simu iache ndani. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza, la sivyo utaanza na Marko na kuishia kwenye kikundi cha harusi.

Hatua ya 2: Anza na Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16, na mambo yanakwenda mbio. Usihesabu sura, soma tukio moja kwa siku. Vile vichwa vidogo vilivyomo katika Biblia nyingi vitakuonyesha pa kukata, ila ujue viliwekwa na wahariri, si maandiko yenyewe.

Hatua ya 3: Soma mara mbili, ya pili kwa sauti. Hapa usiwe na haraka. Chukua Marko 4:35-41, Yesu na wanafunzi wakivuka ziwa jioni: dhoruba inawapata, wanamwamsha, naye anaukemea upepo. Macho peke yake yatakwambia "dhoruba ikatulizwa" na kusonga mbele. Ulimi unakwama. Tafsiri ya mwaka 1952, ile wengi tuliyokulia, inasema alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Shetri! Neno la mabaharia wetu, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Marehemu babu, aliyekuwa mvuvi, angejua mara moja ni upande gani wa chombo. Si ajabu sana, maana ni hapa Mombasa mmisionari Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka 1844. Tena mstari wa 36 unasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Nilikuwa nimesikia mahubiri ya habari hii tangu utotoni bila kuviona vile vyombo vingine. Waliokuwemo nao walitulia ziwa lilipotulia, ingawa hawakumwamsha mtu.

Hatua ya 4: Andika sentensi tatu katika daftari la shule la kawaida: nilichoona, kilichonigusa au kunisumbua, nitakachofanya leo. Ya tatu ndiyo huwashinda watu. "Nitakuwa na upendo zaidi" ni maneno ya hewani. "Nitampigia shangazi kabla ya saa sita" ni kazi, na jioni utajua kama umeifanya. Kuhusu ya pili, usilazimishe jibu. Wanafunzi wale waliingiwa na hofu kuu baada ya upepo kukoma. Kwa nini baada? Niliweka alama ya kuuliza pembeni, na bado ipo. Swali likikusumbua sana, mpelekee mchungaji au padri. Usilitatue kwa kuokota mstari mmoja kutoka kitabu kingine.

Hatua ya 5: Omba kwa maneno uliyotoka kuyasoma. Fupi tu. "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" ni sala kamili siku karo haijalipwa.

Hatua ya 6: Ondoka na maneno machache mdomoni. Kivukoni asubuhi si mahali pa kutoa simu usome; msongamano ule una mikono mingi. Siku niliyosoma habari ya dhoruba nilivuka na "Nyamaza, utulie", maneno ya Yesu kwa mawimbi. Feri ilipochelewa na watu wakaanza kusukumana, nilijikuta nayatamka, sijui nikiwaambia wao au mimi.

Ukikosa siku, usilipe deni. Nimewaona watu wakikosa nne, wakajaribu kusoma tano kwa mpigo Jumapili usiku, kisha wakaacha kabisa. Fungua pale ulipoishia, andika tarehe ya leo, endelea. Daftari langu lina mapengo, jingine la wiki tatu nilipougua malaria.

Kesho yake sura ya 5 inawafikisha ng'ambo, kwa mtu aliyekuwa akikaa makaburini. Ni mistari 20. Nayo isome mara mbili.